Kumpeleka ndugu kliniki ya afya ya akili Tanga: cha kubeba, cha kusema na cha kuangalia dawa zikianza

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kuonyesha kwamba mtu anasikia sauti. Daktari wa akili anategemea maelezo: ya mgonjwa mwenyewe, na ya yule anayelala naye nyumba moja. Familia nyingi hapa mjini hufika na mgonjwa, hela na wasiwasi, lakini wakiulizwa kimetokea nini wana neno moja tu: "Amechanganyikiwa." Kwa neno hilo hutapata zaidi ya dawa ya kumtuliza. Kinachofuata hapa kinahusu zaidi namna ya kuyaandaa hayo maelezo, kisha namna ya kuvuka wiki mbili za kwanza za dawa, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuacha.

Hakikisha kwanza si ugonjwa wa mwili

Mtu aliyekuwa mzima juzi, na leo hajui siku wala alipo, huyo usimsubirishe siku ya kliniki. Mpeleke idara ya dharura saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana. Huku pwani malaria kali hupanda kichwani na mtu akapayuka kama aliyepandwa na pepo. Homa ya uti wa mgongo nayo hufanya vivyo hivyo. Shingo hukakamaa na mwanga humuumiza. Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa akianza kutoka jasho, kutetemeka na kugombana na watu bila sababu, huenda sukari imeshuka: kama anameza vizuri mpe maji yenye sukari nyingi, kisha mkimbize. Akiwa hajitambui usimtie kitu mdomoni.

Wapo wengine watatu ambao husahaulika. Mzee aliyeanguka na kugonga kichwa, hata kama ni wiki kadhaa zilizopita. Mnywaji wa miaka mingi aliyeacha pombe ghafla, ambaye siku ya pili au ya tatu anatetemeka na kuona wadudu ukutani; hali hiyo huua, na kumfungia ndani "mpaka pombe imtoke" ni kumhatarisha. Na mzazi aliyejifungua siku au wiki chache zilizopita, halali kabisa, anasema maneno ya ajabu juu ya mtoto. Huyo asiachwe peke yake na kichanga hata dakika tano, lakini nendeni na mtoto hospitali, atahitaji kunyonya.

Mkifika, uliza: "Dokta, amepimwa malaria na sukari?" Vyote viwili ni vya kutoboa kidole, na majibu hayazidi dakika ishirini hivi.

Uanzie wapi

Kama si dharura, njia ya kawaida ni zahanati au kituo cha afya cha karibu, kwa mfano Makorora, Ngamiani, Mikanjuni au Pongwe, halafu barua ya rufaa kwenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Watu huona barua kuwa usumbufu wakaruka moja kwa moja. Unaweza, lakini mwenye bima anaweza kukwama dirishani bila barua, na asiye na bima anaweza kulipa zaidi. Kabla ya kuondoka na barua, isome. Iwe na dalili, muda tangu zilipoanza, vipimo vilivyofanyika na majibu yake, na dawa alizokwisha kupewa pamoja na kiasi. Barua iliyoandikwa "akili, apelekwe Bombo" mrudishie aliyeiandika kwa upole umwombe aongeze. Mara nyingi ni haraka tu, si ubaya.

Kliniki ya akili hupangiwa siku zake, na siku hizo hubadilika. Uliza mapokezi wiki hiyo hiyo, usitegemee alichokwambia jirani mwaka jana. Kliniki hiyo hiyo kwa kawaida ndiyo inayohudumia kifafa, kwa hiyo usishangae wala usikasirike ukielekezwa huko na mtoto wa kifafa ambaye akili zake ni timamu kabisa.

Daftari

Nunua daftari la kurasa arobaini na liwe la mgonjwa huyo tu. Ukurasa wa kwanza uandikwe nyumbani, jioni ya kuamkia safari, na anayeishi naye, si na mkubwa wa ukoo aliyefika jana kutoka Handeni. Andika ulichokiona na ulichokisikia, usiandike tafsiri yako. "Ana majini" haimsaidii daktari. "Usiku anasema kuna wanaume wawili wanamtukana, na chumbani yuko peke yake" inamsaidia sana. Ukurasa mzuri unafanana na huu:

"Mwanamume, miaka 24. Ilianza baada ya Idi Kubwa, kama miezi mitatu. Kwanza aliacha kazi akawa anajifungia. Usingizi saa mbili au tatu kwa usiku. Anakula alichopika mwenyewe tu, anasema chetu kina sumu. Anasema redio inamtangaza, redio imezimwa. Bangi kila siku tangu kidato cha tatu. Mirungi mara moja moja. Pombe hapana. Kifafa hapana. Mjomba upande wa mama aliwahi kulazwa Lutindi. Alimpiga mdogo wake mara moja. Kujiua hajasema. Dawa: kombe (maandishi ya dua yaliyooshwa kwa maji ya kunywa) na mizizi ya kuchemsha wiki tatu. Hospitali bado."

Mistari hiyo michache inampa daktari muda, mwendo wa ugonjwa, damu ya ukoo, vilevi na hatari. Watu huficha bangi, unga (heroini) na mirungi wakihofia polisi, na mizizi wakihofia kusemwa. Ukificha, daktari atatibu ugonjwa usiokuwepo, au atatoa dawa itakayogongana na ile ya mganga. Kwa mwanamke ongeza kama ana mimba, ananyonyesha au anatumia uzazi wa mpango wa aina gani. Hilo linabadilisha uchaguzi wa dawa, hasa za kifafa: valproate inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na carbamazepine hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango.

Kwa kifafa, video ya simu ina thamani kuliko maelezo yoyote. Rekodi mwanzo wa degedege ukiweza: mkono upi umeanza, macho na kichwa vimegeukia wapi, imechukua dakika ngapi. Mwingine amlaze ubavu na kuondoa vitu vikali. Kijiko mdomoni hapana. Ikizidi dakika tano, au zikija mfululizo bila yeye kuzinduka, acha simu, mpeleke hospitali. Video hiyo ni ya daktari. Ikirushwa kwenye kundi la ukoo, kesho inazunguka Barabara ya Kumi na Mbili yote.

Kumtoa nyumbani

Mwambie ukweli anakopelekwa. "Tunakwenda sokoni mara moja" itafanya kazi leo, na kwa sababu hiyo mwezi ujao hatapanda chombo chochote na wewe. Anza na kinachomsumbua yeye mwenyewe: hapendi kuambiwa mgonjwa, lakini anakiri halali, au kichwa kinamuuma. "Twende ukapate dawa ya usingizi" ni kweli na anaweza kuikubali.

Chagua wasindikizaji wawili anaowasikiliza. Mara nyingi huyo ni shangazi au bibi, si vijana watano wa mtaani. Bajaji ni bora kuliko bodaboda kwa mtu mwenye fujo, mkae naye nyuma, mmoja kila upande. Kamba na minyororo huacha vidonda, na mikono iliyofungwa kwa saa nyingi inaweza kufa ganzi isirudi. Akiwa ameshika panga au anatishia kuua, hapo omba polisi, na ndugu mmoja aende nao mguu kwa mguu ili aeleze kituoni kwamba huyu ni mgonjwa, asije akalala mahabusu. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kumlaza mtu asiyekubali matibabu; mwambie daktari wazi kwamba amekataa na kwa nini mnahofia, aamue yeye.

Beba barua, kadi ya bima, kitambulisho, daftari, maganda au chupa za dawa zote alizowahi kumeza, maji na chakula. Fika saa moja asubuhi. Foleni ndefu na njaa humtibua hata mtu mzima, sembuse huyu. Akianza kutapatapa kwenye benchi mwambie sista mapema, usingoje avunje kitu. Wagonjwa wa namna hiyo hupitishwa mbele.

Hela

Ugonjwa sugu wa akili umo kwenye makundi ya msamaha katika vituo vya serikali, lakini msamaha haukufuati wewe dirishani. Ni lazima uuombe, na uuombe kabla ya kulipa. Pitia kwa mtendaji wa mtaa upate barua ya utambulisho, kisha ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini. Ofisi hiyo ina watu wachache na kazi nyingi, na saa sita mchana ukimkosa mhusika siku imekwisha. Anzia hapo kabla ya mapokezi. Msamaha pia hauleti dawa iliyoisha stoo, kwa hiyo weka akiba kidogo ya kununua nje.

Mbele ya daktari

Mwache mgonjwa aseme kwanza, hata akisema uongo mtupu. Namna anavyosema nayo ni uchunguzi. Usimkatize, usimcheke, usimwambie daktari "anadanganya" mbele yake. Ukiwa na la siri, mpe daktari daftari au omba dakika mbili pembeni.

Usiondoke bila kuandika: ugonjwa unaitwaje, jina la kila dawa kama lilivyo kwenye boksi, miligramu, saa za kumeza, lini tutarajie mabadiliko, na tarehe ya kurudi. Kisha, dirishani kwa mfamasia, fanya hesabu papo hapo. Vidonge viwili kwa siku kwa siku thelathini ni sitini. Ukipewa ishirini na nane una wiki mbili tu, hata kama kadi inasema mwezi. Angalia na miligramu pia. Haloperidol, kwa mfano, dawa ya anayesikia sauti au kuona visivyopo, ipo ya 1.5 na ya 5, na kidonge ni kidogo kote kote. Aliyeandikiwa ya 5 akapewa ya 1.5 bila kubadilishiwa idadi anameza chini ya theluthi moja ya dozi, halafu watu watasema dawa za hospitali hazimwezi.

Wiki mbili za kwanza

Hapa ndipo pa kukaa macho. Kijana akianza haloperidol, ndani ya siku chache za mwanzo shingo inaweza kupinda upande, macho yakapanda juu yakakwama, ulimi ukatoka au taya likakaza. Inatisha, na nyumba nyingi husema jini limekasirishwa na dawa, vidonge vikatupwa. Ni dawa tu inakaza misuli. Mrudishe idara ya dharura na boksi lake. Kuna tiba yake, benzhexol au sindano, na misuli hulegea muda mfupi baadaye. Mwambie daktari kabla ya dozi inayofuata. Aidha atapunguza, ataongeza kidonge cha kulegeza, au atabadilisha. Kutetemeka mikono, kutembea kama mtu wa mbao, na kushindwa kutulia kitini, miguu ikitaka kwenda tu, vina asili hiyo hiyo. Huko kushindwa kutulia hudhaniwa kuwa ugonjwa umezidi, dozi ikaongezwa na hali ikaharibika, kwa hiyo lieleze kama lilivyo: "Anataka kutulia, miguu inakataa."

Ila misuli ikikaza mwili mzima, na homa kali, na kuchanganyikiwa, hiyo ni hatari ya kifo. Dawa isimame na mgonjwa awe hospitali siku hiyo.

Chlorpromazine, ya kundi moja na haloperidol, hushusha presha mtu akisimama ghafla. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda, ahesabu hadi ishirini, ndipo ainuke. Pia ngozi huungua upesi na jua, na mwili hushindwa kupoa. Kwa jua letu la Januari na Februari mvuvi au mbeba mizigo anayeitumia avae kofia na mikono mirefu, anywe maji mengi.

Amitriptyline ya sonona (huzuni nzito isiyoisha) huleta usingizi na ukavu wa mdomo siku ya kwanza, lakini moyo huanza kufunguka baada ya wiki mbili hadi nne. Anayeacha siku ya saba amepata usumbufu wote bila faida. Dawa hiyo ikizidishwa huua, hivyo ifungiwe, na mwingine awe anampa dozi ya siku moja moja. Carbamazepine ikitoa upele, hasa wenye malengelenge au vidonda mdomoni, usisubiri tarehe ya kliniki. Phenobarbital ya kifafa isikatwe ghafla hata siku mbili: degedege linaweza kurudi bila kukatika.

Wasioweza vidonge vya kila siku waulizie fluphenazine, sindano ya takoni ya kundi la haloperidol ambayo kwa kawaida hurudiwa kila wiki mbili hadi nne. Humaliza ugomvi wa "umemeza? hujameza?" ambao huchosha nyumba kuliko ugonjwa wenyewe.

Jambo la Ramadhani lizungumzwe Shaabani. Dawa nyingi zinaweza kupangwa kwa dozi moja ya usiku au kugawanywa kati ya futari na daku, lakini apange daktari. Kwa mwenye kifafa tatizo ni usingizi uliokatwakatwa pia, maana kukesha huamsha degedege. Wapo ambao hawafai kufunga kabisa, na masheikh wa hapa hawapingani na daktari katika hilo.

Dawa zikikosekana

Rudi zikiwa zimebaki za siku saba, si siku ya mwisho. Ukiambiwa hakuna, omba cheti kilichoandikwa jina la dawa na miligramu, uende famasi. Maduka ya dawa muhimu ya mitaani mara nyingi hayana hizi. Nunua pakiti moja kwanza, linganisha na boksi la zamani, usikubali "hii inafanana nayo" bila kumuuliza aliyeandika. Mgonjwa akishatulia miezi kadhaa, omba arudishwe kituo cha afya cha karibu kwa kuchukua dawa, mradi umekwenda mwenyewe kwanza kuuliza kama wanazo.

Lutindi

Hospitali ya akili ya Lutindi iko juu milimani Usambara, wilaya ya Korogwe, chini ya Kanisa la Kilutheri. Ilianza mwaka 1896 kama makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, kabla ya kugeuzwa ya wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20. Inamfaa anayehitaji muda mrefu wa utulivu na kazi za mikono chini ya uangalizi. Piga simu kwanza uulize nafasi na gharama, nenda na barua ya rufaa na daftari, funga sweta na blanketi kwa ajili ya baridi, na acha namba za ndugu wawili zinazopokelewa. Wapo waliopona wakakaa kule kwa sababu tu namba iliyoachwa haipatikani. Wakati wa masika uliza na hali ya barabara ya mlima.

Unga

Kwa heroini kuna kliniki ya methadone, dawa inayoshika nafasi ya heroini mwilini, Bombo. Dawa hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kwa hiyo kabla ya kuanza mhesabie nauli ya kila siku na mpange nani atakuwa anamuamsha. Haitibu bangi wala pombe. Anayetoka gerezani au nyumba ya upataji nafuu asirudie kipimo chake cha zamani: mwili umesahau, na wengi hufia hapo. Namba ya bure ya mamlaka ya dawa za kulevya ni 119.

Kisomo na mganga

Kisomo hakigongani na kidonge. Vinavyogongana ni vya kunywa visivyojulikana, kufukizwa moshi mtu wa pumu, kunyimwa chakula, kuchapwa na kufungwa. Mwambie maalimu mapema kwamba mgonjwa yumo kwenye dawa na hazitakatwa, wengi huafiki. Asiyeafiki, mbadilishe.

Akisema anataka kufa

Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua? Umepanga vipi?" Kuuliza hakumtii wazo. Asiachwe peke yake, ondoa sumu, dawa na vyenye ncha, nendeni dharura. Kama tayari amekunywa kitu, nenda na chupa au pakiti, useme ni nini, kiasi gani, saa ngapi. Kujaribu kujiua bado ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, ndiyo maana familia husema "amekula chakula kibaya." Daktari akitibu chakula kibaya, sumu inaendelea na kazi yake. Usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta.

Ukihudumiwa vibaya

Andika siku hiyo hiyo: tarehe, saa, idara, ulichoomba, ulichojibiwa. Peleka kwa mganga mfawidhi au ofisi ya ustawi wa jamii. Wizara ya Afya hupokea simu bure kwa 199, na mambo ya mtoto ni 116. Lalamiko la "wanatunyanyasa" halina pa kushikwa. "Jumatatu saa nne, tulikosa haloperidol ya miligramu 5 kwa mara ya tatu mfululizo" lina pa kuanzia, na anayelipokea anaweza kulipandisha kwenye maombi ya dawa ya Bohari ya Dawa.